Mwaka Niliomsemea Mama Tekla

Benedicto alinikuta kwenye kibaraza cha nyumba ya marehemu hapa Kawajense, asubuhi ya siku ya maziko, wanawake wakisugua masufuria ya msiba kwa majivu na vijana wakipanga viti vya plastiki chini ya turubai. Ni mwalimu wa Litapunga, mjukuu wa Pelagia aliyekuwa wifi wa marehemu. Kijana mwenye adabu, ila ana haraka kama walimu wote wa siku hizi. Akachuchumaa mbele yangu. "Bibi, nimeandika wasifu. Nikusomee, useme kama uko sawa." Nikamwambia asome. Tekla alizaliwa, alibatizwa, aliolewa na marehemu Anselmi, mfanyakazi wa mgodi. Alikuwa mshika dini na mkarimu kwa wageni. Kisha akasoma: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto, lakini alikuwa mama wa wengi." Sentensi hiyo aliipenda mwenyewe, nilimwona. Aliinua macho kidogo kutazama kama imenigusa. Ilinigusa, lakini si pale alipotaka yeye. Nilinyamaza, naye akadhani nimeridhika, akakunja karatasi yake akaenda kutafuta spika.

Sikunyamaza kwa kusahau. Kati ya watu wote waliokuwa wanakusanyika chini ya turubai lile, mimi peke yangu nilijua kwamba sentensi ile si kweli, na nilijua pia kwa nini watu wazima wenye akili zao wameisadiki zaidi ya miaka sitini. Jambo lenyewe lina mwiko juu yake. Lakini na mimi sasa ni wa kushikwa mkono nikishuka ngazi, na nikifumba mdomo leo, mtoto yule atazikwa mara ya pili, na safari hii habaki hata mtu mmoja wa kumkumbuka. Nilikaa pale nikibishana na nafsi yangu, na mwaka ule ukanirudia wote, pamoja na harufu zake.

Nilivyofika kwa mama Tekla si hadithi ya leo. Yatosha kusema kwamba ulikuwa wakati wa Mwingereza, mgodi wa madini ya risasi umepamba moto, gari moshi linashusha watu wa kila kabila, nami nilikuwa msichana niliyemaliza shule ya misheni, najua kusoma na sijui kitu kingine. Mama Tekla alikuwa mdogo wake mama yangu, na kwetu mama mdogo ni mama tu. Alikaa na mumewe, baba Anselmi, kwenye nyumba za laini za wafanyakazi: vyumba viwili, sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri, picha ya Bikira Maria ukutani, na kando ya mlango kinu kikubwa cha mninga ambacho hakikuwahi kuhamishwa kwa sababu hakuna aliyeweza kukibeba peke yake. King'ora cha mgodi kikilia alfajiri, vyombo vilitetemeka kwenye kichanja. Chakula chetu kilikuwa ugali wa unga wa posho na dagaa wa ziwani, na mvua zikianza, uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga, ambao mpaka leo nikiusikia harufu natafuta pa kukaa.

Mama Tekla alinipokea mzigo, akanipa maji ya kuoga, akanipakulia. Hakusema neno. Nilidhani amechoka. Kesho yake hakusema, na kesho kutwa vile vile. Si kwamba alikuwa bubu, maana nilimjua tangu utoto wangu, mwanamke wa kucheka mpaka ashike mbavu. Alifagia, alitwanga, alichota maji, ukimwuliza jambo alitikisa kichwa au aliinua nyusi. Dresa wa zahanati ya mgodi alimtazama kooni kwa kijiko akasema koo zima kabisa. Kuta za nyumba zile hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno ya jirani yalikuwa maneno yako, na ni kwa njia hiyo nilijua kilichotokea. Nilisikia wanawake wakiongea upande wa pili huku wanapepeta mchele. Mtoto wake wa pekee, wa miaka mitatu hivi, alikufa kwa surua wakati wa masika, kabla sijafika. "Tangu siku ile kimya," mmoja alisema. Mwingine akasema, "Na usimwite tena Mama nani. Mwite Tekla."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya upande wa baba Anselmi. Mtoto mdogo akifa, jina lake halitajwi mpaka azaliwe mwingine, maana wakilitaja wanadhani wanamwita, na akiitwa anamzuia mwenzake njiani. Walifanya hivyo kwa huruma, si kwa ubaya. Nguo zake zilitolewa, kikombe chake kikagawiwa, na mama mtu aliyekuwa anaitwa kwa jina la mwanawe na kambi nzima akarudishiwa jina lake la usichana kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nafikiri alitazama huku na huku, akaona kila neno linaloruhusiwa halina maana, na lile moja lenye maana haliruhusiwi, basi akayaacha yote. Hayo nayafikiri leo. Wakati ule niliogopa tu, nikasugua masufuria sana.

Nilikuja na kitabu cha hadithi nilichopewa shuleni kwa kusoma vizuri. Jalada lilikuwa limetoka zamani, kwa hiyo hatukuwahi kujua jina lake wala la aliyekitunga. Alasiri, kazi zikipungua, wanawake wa laini walileta mikeka mbele ya mlango wetu, wakachagua maharage, nami nikawasomea. Ilikuwa habari ya mfua chuma mmoja. Nzige walimaliza shamba lake, moto ukala kiwanda chake, na mwisho mto ukamchukua mwanawe wa pekee alipokuwa anateka maji ya kupozea vyuma. Mfua chuma akatoka, akapita nchi baada ya nchi, akiuliza kila mvuvi kama ameona kofia ya mtoto. Jamani, wanawake wale walilia. Walilia kwa raha, wakipenga kamasi kwenye kanga, wakiniambia, "Rudia hapo kwenye kofia, Skola." Nami nilikuwa na sauti yangu ya kusomea, nzito na ya polepole, niliyofundishwa na masista, na nilijiona mtu mkubwa. Kwamba maneno yaliyoandikwa na mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, yanaweza kumtoa machozi mke wa mchimba madini aliyekaa na ungo wa maharage, jambo hilo lilinishangaza, na bado linanishangaza nikiwa mzee.

Mama Tekla alikaa nasi siku zote. Hakulia. Alitoa vijiwe kwenye maharage, kimoja kimoja. Siku tuliyofika mwisho, mfua chuma alipokelewa na mfalme mwema, akapewa mke kijana, mke akazaa mtoto wa kiume, "na huzuni yake yote ikafutika." Wanawake wakapumua, wakasema afadhali. Mama Tekla akaweka ungo chini, akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.  Ndipo Bi Zaituni, mke wa mwenye duka, mama wa Kimanyema mwenye mwili wake na maneno yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nyie mnamlilia mtu wa kwenye karatasi. Huyu aliyekaa hapa na sisi mnamwangalia tu."  Kila mmoja alikunja mkeka wake.

Jioni ile ile nilisikia, juu ya ukuta, baba Anselmi akiongea na dada yake, Shangazi Pelagia. Shangazi alikuwa mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni mchana na usiku, mwepesi wa kutoa amri. "Kaka, mwanamke asiyesema hapiki chakula cha baraka. Kiangazi kikiisha hajasema, tumrudishe kwao. Hatumfukuzi. Tunampumzisha." Nikasikia baba Anselmi akisogeza kigoda chake. Kisha akasema, "Kwanza tumpeleke kwa Mungu." Shangazi akauliza kwa Mungu yupi, na wapi. Akajibu, "Popote alipo." Nilijilaza pale nikielewa kwamba mama Tekla amepewa kiangazi kimoja. Yeye naye alikuwa chumba kile kile nilimolala, amekaa, anasikia.

Bi Zaituni ndiye aliyetuchukua kwanza. Msikiti wa mjini siku zile ulikuwa nyumba ndogo ya matofali mabichi iliyopakwa chokaa, na wanawake walikaa uani nyuma ya ukuta wa matete. Sikuwa nimewahi kukanyaga pale kabla ya siku hiyo. Nilivua viatu nikiona aibu kwa miguu yangu yenye vumbi, na mama mmoja akaninawisha bila kuuliza mimi ni wa dini gani. Udi ulifuka kwenye chetezo, na upande wa pili sauti ya mwalimu ikapanda kwa lugha nisiyoijua hata neno, nami vinyweleo vikanisimama. Shule ilinifundisha kwamba maneno yanafanya kazi kwa maana yake. Pale niliyasikia yakifanya kazi bila maana, kwangu mimi, na yakafika. Baada ya dua tulipewa chai ya tangawizi. Mama Tekla alikunywa, akamshika Bi Zaituni mkono akautua kifuani kwake. Lakini hakusema.

Halafu tukaenda Karema, kwenye misheni ya ziwani. Tulipanda lori la mfanyabiashara aliyekuwa anafuata dagaa, mimi, mama Tekla na Shangazi Pelagia, juu ya magunia ya chumvi, mbung'o wakitutafuna kwenye miombo mpaka tukajifunika kanga vichwani. Safari nzima Shangazi alisali rozari na kumfokea dereva kwa zamu. Tulipofika mahali barabara inapoteremka, lori likasimama kupoza injini, nami nikasimama juu ya magunia nikaona ziwa. Sikuwa najua kwamba maji yanaweza kuwa mengi kiasi kile. Milima ya Kongo ilionekana ng'ambo, myembamba na ya bluu, na katikati hapakuwa na kitu ila mwanga. Nilitaka kusema neno, nikakosa. Nikamgeukia mama Tekla, tukatazamana, wote wawili hatuna la kusema, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kukaa kimya si lazima kuwe ugonjwa.

Misheni ya Karema ilikaa ndani ya ngome ya zamani, na wenyeji walisema maji yaliwahi kufika langoni kabla ziwa halijarudi nyuma. Kuta zake zilikuwa nene hata dirisha lilikuwa kama njia. Tulilala kwa masista, tukala ugali wa muhogo na migebuka wa kuchoma, tukisikilizana tunavyotafuna, kwa sababu kule wakila hawaongei. Sista mmoja alisimama kwenye kimimbari akisoma mateso ya mashahidi kwa sauti ile ile yangu, nzito na ya polepole. Mijeledi, moto, simba. Masista waliendelea kutoa miiba ya samaki. Nilijiuliza kama na wao, kwa kusikia kila siku, wamezoea, au kama kula na mateso ya wengine masikioni ndiyo njia yao ya kuwaweka wale mashahidi mezani. Leo naelekea la pili. Siku ile ugali ulinikwama.

Kanisani ndiko nilikotetemeka kweli. Lilikuwa refu, la tofali, lenye baridi mchana kweupe, na ukitembea nyayo zako zilikutangulia na kukungoja mbele. Kulikuwa na sanamu kando ya altare: Mama amekaa, na mwanawe mtu mzima amekufa mapajani mwake, mkono mmoja unaning'inia. Mama Tekla alisimama mbele yake muda ambao Shangazi alimaliza rozari nzima. Kisha akanyosha kidole akagusa unyayo wa yule mwana, pale penye jeraha la msumari, taratibu, jinsi unavyompima mtoto homa. Midomo yake ikafunguka. Nakuambia ilifunguka, nilikuwa karibu. Na hapo hapo sista mwema, aliyekuwa anabadilisha maua, akaja kwa tabasamu akamwambia, "Usilie mama. Siku ya tatu alifufuka." Mama Tekla akafumba mdomo. Akapiga goti, akajifanyia ishara ya msalaba kwa heshima zote, akatoka nje. Sista hakukosea, imani yenyewe ndiyo hiyo na mimi ndiyo ninayoishikilia. Ila nimekwisha kukaa kwenye misiba mingi tangu siku ile, na nimeona jinsi sisi wafariji tunavyokimbilia ukurasa wa mwisho. Mwenye kufiwa bado yuko pale kwenye unyayo, sisi tumeshamaliza kitabu.

Kiangazi kikakomaa. Miombo ikadondosha majani, moshi wa moto wa porini ukaning'inia juu ya Misunkumilo, na Shangazi Pelagia akaanza kuuliza nyumbani kwa mama Tekla ni safari ya siku ngapi. Halafu asubuhi moja alikuja kwetu na kifurushi cha unga wa ulezi, tumbaku na kipande cha kitambaa cheupe, rozari yake shingoni. "Tunaenda kwa Katabi," alisema. Ndiye yule ambaye serikali imemwandika Katavi kwenye ramani, mzimu wa lile ziwa dogo la mbugani, anayekaa kwenye mkwaju ufukweni. Nilishtuka, mimi mtoto wa masista. "Shangazi, si dhambi?" Akanikata jicho. "Wewe mtoto, ng'ombe akikupotea unauliza nyumba moja tu? Funga ungo, twende. Nitaungama Jumapili."

Safari hii baba Anselmi alituongoza mwenyewe, na mkuki begani. Lori la watengeneza barabara lilitushusha Sitalike, ambako viboko walijaa mtoni mpaka maji yenyewe hayakuonekana, na toka pale tukatembea. Mbuga ilifunguka. Nyati walisimama kwa mbali, wengi, wameinua vichwa, wakitutazama bila kutukasirikia. Twiga walivuka mbele yetu polepole. Nilitembea nikihema kwa woga na kwa kitu kingine ambacho kilifanana sana na kile cha kanisani, na jambo hilo lilinichanganya, maana nilikuwa nimefundishwa kwamba kitu kile kina nyumba moja. Ziwa lenyewe lilikuwa limepungua, lina matope mapana ukingoni na ndege weupe wasiohesabika, na mkwaju ukasimama pale peke yake, mweusi, matawi yake yamefungwa vitambaa vya watu waliotangulia. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Tulinyamaza.

Mlinzi wa mahali pale alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua makali, anapiga chafya kila baada ya maneno machache na kujifuta kwa kiganja. Alipokea unga, akanusa tumbaku, akatupangia pa kukaa: baba Anselmi mbali, ametupa mgongo, sisi wanawake mbele ya shina. Kisha akauliza, "Nani anamsemea?" Shangazi akaanza kujibu, mlinzi akamzuia. "Wewe ni upande wa mume. Upande wa mume hausemi hapa. Mwenye shida naye hajisemei. Akijisemea analia, hasikiki. Anasemewa na damu yake." Macho yote yakanigeukia. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Nilikuja kubeba ungo. "Anza mwanzo," mlinzi alisema. "Sema yote. Usiseme uongo, anachukia."

Basi nikasimama.  Sikujua maneno ya kumwambia mzimu, na sala zote nilizozijua zilikuwa za mwingine. Nilichokuwa nacho ni sauti ya kusomea tu, nikaitoa, nzito na ya polepole, nikaanza kama kitabu. Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Tekla. Alikuwa na kicheko cha kumfanya ashike mbavu. Aliolewa na mtu mwema, wakakaa kwenye nyumba ya vyumba viwili, mlangoni kuna kinu cha mninga. Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuja. Wakapata mtoto. Mtoto akawa mwanga wa nyumba. Kisha masika ikaja na surua, mtoto akalala siku ya kwanza, akalala siku ya pili. Nilisikia Shangazi anaanza kulia kwa chini, nami, Mungu anisamehe, nikasikia kwamba nasoma vizuri. Sikuwepo siku ile ya kufa kwake, nilikuwa naijua kwa maneno ya juu ya ukuta, lakini hadithi ilidai mwisho, na nilijua miisho inavyokwenda. "Asubuhi," nikasema, "mtoto akalia, akanyosha mikono akimwita mama yake, machozi yakimtoka, mpaka sauti yake ikakatika."

"Hapana."

Sikuijua sauti ile. Ilikuwa imekwaruza, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa. Mama Tekla alikuwa ameinua kichwa, na alinitazama kwa hasira, hasira kabisa, ya mtu anayeona mtu mwingine anavunja chombo chake. "Hakulia," alisema. "Usimseme hivyo. Hakulia yule. Alicheka." Akameza mate. "Kuku aliingia ndani. Kuku wa Zaituni, yule mwekundu. Akaruka juu ya kinu, akakaa, akamwangalia mtoto. Mtoto akacheka. Akaniambia, mama, ona, anataka kutwanga. Akacheka tena. Nikageuka nimfukuze kuku. Nilipogeuka tena alikuwa ameshakwenda." Alisema hayo yote pasipo chozi, kwa kusisitiza, kama anarekebisha hesabu ya mtoto wa shule. Halafu akasema, "Anaitwa Kalisti. Kalisti mwanangu."

Shangazi Pelagia alitoa ukemi akajiziba mdomo kwa mikono miwili, maana jina limetajwa na mwingine hajazaliwa. Akashika rozari. "Wifi, umemwita," alisema, "umemwita, sasa itakuwaje?" Mlinzi akapiga chafya, akajifuta. "Mwache," alisema. "Hapa majina yanatajwa. Jina likishatajwa hapa, limetajwa." Akachukua kile kitambaa cheupe, akampa mama Tekla akifunge mwenyewe. Niligeuka kumtazama baba Anselmi. Alikuwa bado ametupa mgongo, ameshikilia mkuki kwa mikono yote miwili, mabega yake yanatikisika. Nyuma yake ndege weupe waliinuka wote pamoja kutoka kwenye matope, wakazunguka, wakatua tena pale pale. Nililia mimi nami. Nililia kwa kuogopa, na kwa furaha, na kwa kuona kwamba nilikuwa nimesimama mahali ambapo nilikuwa nimekosea na kosa langu likachukuliwa likatumika.

Njia nzima ya kurudi Sitalike mama Tekla aliongea. Koo lilimkauka akanywa maji, akaendelea. Kalisti alipenda kulamba asali kwenye kisu, Kalisti aliogopa king'ora, Kalisti alimwita baba yake Anse kama wanaume wa kambini. Baba Anselmi alikuwa anatembea mbele na mkuki, na mara moja alisema bila kugeuka, "Na viatu vyangu. Alikuwa anavaa viatu vyangu," nao wakacheka wote wawili katikati ya mbuga, nyati wakiwatazama. Kiangazi kiliisha, mvua zikanyesha, na hakuna aliyezungumzia tena habari ya kumrudisha mtu kwao.

Watu wameniuliza, wachache niliowaeleza nusu nusu, ni nani aliyemponya: dua, Bikira, au mkwaju. Sijui. Nimekaa na swali hilo maisha yangu yote na limebaki kubwa kuliko mimi, nami naliheshimu. Ninachokijua ni hiki: alikuwa amesikia masimulizi mengi ya mateso mwaka ule, mazuri, yaliyoandikwa na kuchongwa na kusomwa kwa ufundi, na yote alipita akayaacha. Lililomrudisha ni simulizi baya, langu, kwa sababu lilimhusu Kalisti na lilikuwa na kosa, na mama hawezi kuacha kosa likae juu ya mwanawe. Mtoto mwingine hakuja. Kwa hiyo mbele za watu, kwa kuwaheshimu wakwe, hakulitaja tena jina lile hata siku moja, wala baba Anselmi. Alilitaja kwangu tu, tukichagua maharage, hata alipokuwa haoni tena vijiwe na mimi ndiye nilikuwa namtolea. Shangazi Pelagia alifunga mdomo mpaka kaburini, akiamini anawalinda. Ndivyo mjukuu wake alivyokua akijua kwamba bibi Tekla hakuzaa.

Jeneza lilitolewa likawekwa juu ya meza. Katekista alisali, kwaya ikaimba, kisha Benedicto akashika kipaza sauti. Alisoma vizuri. Ana sauti ile ile, nzito na ya polepole. Sijui nani anawafundisha. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa. Nilishika mkono wa kiti. Nilimkumbuka Shangazi na kiganja mdomoni, nikakumbuka na yule mwenye mafua akisema limetajwa. "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto," Benedicto alisoma.

"Hapana," nikasema.

Sikusema kwa nguvu, sina nguvu hizo, lakini nilikuwa mstari wa mbele. Akaacha kusoma. Binti mmoja akanishika bega akidhani nimezidiwa. Nikauondoa mkono wake nikasimama mwenyewe. "Alijaliwa," nikasema. "Alimzaa Kalisti. Mtoto alikufa kwa surua kwenye nyumba za laini, ana miaka mitatu. Rekebisha."  Benedicto alinitazama, akaitazama karatasi yake, na mimi nikaona mwalimu anatafuta pa kuanzia. Kisha akainua kipaza sauti polepole. "Marehemu Tekla," alisema, hasomi tena, "Mama Kalisti, alijaliwa mtoto mmoja."  Akakitoa kipaza sauti mdomoni, akaniinamia. "Nisemeje juu yake, bibi?"

"Sema alicheka," nikamwambia. "Kuku alipanda juu ya kinu, Kalisti akasema anataka kutwanga."

Akalisema hivyo hivyo, kwenye spika, Kawajense nzima ikasikia. Na watu wakacheka, pale pale, mbele ya jeneza.